Picha ya Mtoto wa Mokhethi

Hapa Hlotse, mji wetu wa Lesotho, ukitaka picha ya pasipoti au ya harusi unakwenda kwa Puseletso. Kibanda changu cha makoenya, maandazi yetu ya kukaanga, kimeegemea ukuta wa studio yake, kwa hiyo yanayosemwa ndani nayasikia hata nisipotaka. Na mara nyingi nataka.

Pasipoti na harusi zilimpa mkate. Moyo wake ulikuwa kwenye picha nyingine: wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaozomewa stendi kwa mwendo wao. Hao aliwapiga wamevaa vya mababu zao, blanketi, kofia ya nyasi, shanga za bibi.

"Wanasema sisi tumeletwa na Wazungu," aliniambia siku moja. "Haya, nawavika vya nyumbani. Tuone watasema tumetoka wapi."

Mmoja wao ni Keneuoe, mtoto pekee wa marehemu Mokhethi wa vijiji vya juu. Mokhethi hakuwa na mwana wa kiume, basi Keneuoe akachunga ng'ombe tangu utoto, akalala malishoni na wavulana, akafuga farasi. Baba yake alipokuwa anakata roho alimkabidhi blanketi lake. Kwetu mwanamume hulibana begani na mwanamke hulibana kifuani. Keneuoe alilibana begani, kama alivyolipokea. Huko juu hakuna aliyeshangaa. Alikuwa akiishi na mwenzake Liako, wakilima mahindi na kugombana juu ya mbuzi kama nyumba nyingine yoyote.

Puseletso alimpiga picha amesimama kando ya farasi, kidevu juu, macho yamekaza. Akaitundika dirishani.

Ndipo akapita Ntate, yaani Mzee, Letlatsa, mjomba wake Puseletso, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu ya Moshoeshoe, mfalme aliyeliasisi taifa letu. Mwalimu mstaafu, mtu wa mila kupita mila zenyewe. Alisimama mbele ya dirisha hadi nikadhani anaumwa.

"Mpwa wangu, kijana wa nani huyu?"

"Mtoto wa marehemu Mokhethi, Mjomba."

"Tazama mabega! Huyu amepita jandoni, huhitaji kuniambia. Huyu ndiye Mosotho, mwana halisi wa nchi hii! Nipe nimweke kwenye bango la sikukuu."

Puseletso akampa. Lugha yetu haina yeye wa kike wala yeye wa kiume, na mzee hakuuliza zaidi. Bango likabandikwa mji mzima, hadi mlango wa kanisa. Kina mama walinunua kwangu huku wakiulizana kama yule kijana ana mke.

Kisha Keneuoe akateremka mjini kuuza sufu. Watoto wakamkimbilia, "Wa bango! Wa bango!" Akacheka, akawapungia mkono. Mwanamke mmoja wa kwao, bila nia mbaya, akaita kutoka ng'ambo ya barabara: "Keneuoe binti Mokhethi! Umekuwa mtu mkubwa!"

Neno binti lilifika kwenye kilabu cha pombe kabla yake. Wanaume wanne wakatoka.

"Libane kifuani kama wanawake wenzako!"

"Nibane la nani? La baba yangu?"

Walimvuta blanketi hadi pini ikamchana bega. Wakalikanyaga matopeni. Watu walikuwapo, tele, na mmoja alikuwa akila makoenya yangu. Hakuna aliyeinua mkono. Nilipofika na mwiko wangu wa moto walikuwa wamerudi kilabuni wanacheka.

Tulimwosha ndani ya studio. Puseletso alikuwa akilia kwa hasira, na Keneuoe akamgeukia.

"Usilie. Uliniomba picha nikakupa. Bango uliniomba lini?"

Puseletso akainamia beseni, akakamua kitambaa.

"Wewe una picha, dada. Ngozi ni yangu."

"Nilitaka wamsifu kwanza yule wanayemtukana. Nilitaka wajinase wenyewe."

"Nami ndimi niliyekuwa chambo."

Puseletso akapiga magoti pale sakafuni, akaomba radhi. Keneuoe hakumwinua haraka. Mwishoni akasema, "Iache dirishani. Ukiitoa kwa woga, nitashuka na farasi nikuvunjie kamera."

Kesho yake Ntate Letlatsa akaingia na mabango aliyoyabandua, yamekunjwa kama nguo chafu. Nikazima jiko nisikie vizuri.

"Umenichezea mimi, kaka wa mama yako! Umeivua nguo mila yetu!"

"Nani kavuliwa nguo, Mjomba? Kavuliwa mtu, barabarani. Umekwenda kumpa pole?"

"Ningempa pole kwa uongo wake?"

"Uongo upi? Juzi ulisema huyu ndiye Mosotho. Mabega ni yaleyale. Kilichobadilika ni nini?"

"Haya ni mambo ya kuletwa!"

"Na Bibi? Mama yako mzazi? Kondoo aliyechinjwa kwa ajili yake na 'M'e Mathakane aliletwa na meli gani?"

Mzee akayabana mabango kwapani. Sote wa rika langu tunaijua ile karamu ya bibi yake Puseletso na Mama Mathakane. Zamani mwanamke aliyeolewa aliweza kuwa na motsoalle, mwandani wake wa kike, wakapendana, na waume wenyewe wakachinja, kijiji kikala na kucheza. Ntate Letlatsa alikuwa kijana mwenye meno mazuri siku ile. Alikula.

"Usimtaje mama yangu," akasema. Akatoka akisahau kofia yake.

Kesi ikafika baraza la chifu. Wanaume wanne waliinamisha vichwa, wakasema ni pombe. 'M'e Mathakane, ajuza aliyebebwa kwa mkokoteni, hakungoja kuitwa.

"Pombe haina mikono! Nimenyamaza tangu nilipomzika mwenzangu, kwa sababu watoto wake waliona haya. Haya ya nini? Nilimpenda. Letlatsa, wewe ulinyang'anyana na mbwa paja la kondoo wetu, leo unatufundisha mila?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilinichoma. Kwa nini walicheka wakati wa kuona aibu?

Chifu aliamuru wale wanne walete blanketi jipya. Walileta jepesi, la kukingia mvua ya dakika moja. Keneuoe alilitazama, akawarudishia, akapanda farasi na lile la baba yake, Liako akiwa amelishona kwa uzi mweusi usiofichika. Kilabuni wale wanne wanakunywa hadi leo.

Sikukuu ilipita na bango jipya la mlima mtupu. Harusi zilipungua kwa Puseletso. Mchungaji aliwaambia watu wake wasiende kwake. Lakini 'M'e Mathakane alikuja akapigwa picha, kofia ya nyasi kichwani, uso kama mtu anayesubiri kutukanwa ili ajibu. Ikatundikwa kando ya Keneuoe. Baadhi ya wapitao hutema mate. Wengine husimama sana, hasa wasichana wa shule, na hao siwauzii haraka, nawaacha watazame.

Mwaka uliofuata kamati ilimtuma karani wake kuomba picha za farasi za kuweka kwenye bango.

"Wa kiume au wa kike?" Puseletso akauliza.

Yule karani akadhani anataniwa, akacheka. Puseletso alimtoa nje bila picha, akafunga mlango kwa kishindo hadi karai langu la mafuta likatikisika.