Wufa za Gari na Utulivu wa Mama

Mama alipotoka hospitalini akaletwa kwetu Nyamasaria, nyumba nzima ilianza kunong'ona. Mke wangu alinong'ona jikoni, wageni walinong'ona sebuleni, hata mimi, ambaye nimelipwa miaka mingi kupaza sauti mbele ya wanafunzi wasiosikiliza, nilinong'ona. Daktari alikuwa amesema apumzike. Sisi tukaelewa kwamba amesema anyamaziwe.

Dada yangu mkubwa alielewa zaidi ya hapo. Alipiga simu akasema Jumamosi atakuja na gari ampeleke Mama dala, nyumbani kwetu kijijini, kwenye nyumba aliyojengewa na Baba. Hakusema kwa nini. Kwetu jambo hilo halisemwi. Mzee haachwi afie mjini; anarudishwa mapema, anatandikiwa kitanda karibu na mlango, na watu wanaanza kupita kumsalimia huku wakiutupia uwanja jicho, wakikadiria mahema yatakaa wapi.

Mama alijua yote hayo. Jioni hiyo alikuwa akisikiliza benga, muziki wa gita wa kwetu, kwenye simu yangu, uso umekunjamana kama mtu aliyepewa samaki asiye na chumvi.

"Hii gita ya nzito imeenda wapi?" akauliza.

Nikamweleza kwamba spika ya simu ni ndogo mno, haiwezi kutoa besi.

"Nyathina," akasema, mwanangu, neno analolitumia akitaka kitu, "kama mnataka nikae kimya, ngojeni. Hiyo nitafanya vizuri sana. Saa hii nataka besi."

Basi nikajua kazi yangu. Kama Jumamosi ingefika bila besi, angepanda lile gari la Dada. Si kwamba angekubali. Angechoka tu kukataa.

Nina shahada mbili, na zote mbili zikishikana mkono haziwezi kununua mtambo wa muziki ninaoupita kwenye dirisha la duka kule mjini. Nikaenda Mamboleo, kwa wanaouza vipuri vya magari yaliyokwisha. Huko nikapata wufa mbili, zile spika pana za besi, zilizong'olewa kwenye buti la gari la kijana aliyeoa. Mabingwa wa muziki wa nyumbani hawazipendi wufa za gari. Watakwambia zinavuta umeme mwingi, kwamba zitaunguza amplifaya ya sebuleni. Ni kweli. Kwa hiyo nilinunua na amplifaya ya gari, nikaamua kuilisha kwa betri ya sola iliyokuwa ikiwasha taa zetu. Mke wangu akauliza taa zitawashwa na nini. Nikamjibu kwamba besi husikika hata gizani. Hakucheka. Sauti za juu, za waimbaji na gita nyembamba, niliiachia redio yetu ya zamani, ambayo hiyo ndiyo kazi pekee iliyokuwa ikiiweza.

Lililobaki ni sanduku. Wufa bila sanduku ni mtu anayepiga kelele akiwa amefunikwa blanketi. Linatakiwa kuwa la mbao nene, lisilopitisha hewa hata kidogo. Maseremala wa makochi walinitajia bei, nikawaaga kwa heshima. Nikaishia kwa fundi wa majeneza. Ana vipande vya mbao nzuri vilivyobaki, na sijawahi kusikia mteja wake akilalamika kwamba sanduku linavuja.

Nilimchorea. Akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Haya madirisha mawili ya duara ni ya nini, Mzee? Ni mapacha?"

Nikamwambia ni ya spika. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyezoea waliofiwa kusema mambo ya ajabu, akaniambia nitalipata Jumamosi asubuhi.

Hapo ndipo nilipokosea. Fundi alifuata vipimo vyangu vyote, lakini mikono yake ina mazoea. Alilipaka vanishi mpaka likang'aa. Aliliwekea vishikio vya rangi ya dhahabu, viwili kila upande. Juu yake akatandaza shuka jeupe ili lisiingie vumbi. Dereva wa pikapu aliyelibeba, naye kwa heshima zake, akawasha taa za mbele mchana kweupe na kuendesha polepole. Nilikuwa nimekaa kando yake nikisoma maelezo ya amplifaya, nimeinamisha kichwa. Tulipopita kituo cha bodaboda, vijana walituona, wakakata matawi ya kusindikiza maiti, wakayafunga kwenye pikipiki zao na kututangulia wakipiga honi. Nilipowapungia mkono waache, waliitika kwa kuinamisha vichwa.

Tulipofika nyumbani, nduru zilikuwa zimeshapigwa. Jirani wetu, mfanyabiashara mwenye asili ya pwani ambaye husali msikiti wa mjini, alikuja na birika kubwa la chai na kutushika mikono mmoja mmoja akisema, "Poleni sana. Sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea." Viti vilitokea majumbani, vikapangwa uani. Mke wangu alisimama mlangoni akilitazama sanduku, kisha akanitazama mimi, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kunong'ona tena kwamba hicho kitu hakiingii nyumbani mwake, kitamwitia Mama kifo.

Nikasema kitaingia. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Nadhani ni aibu iliyokuwa imepita kiwango chake. Nikamwomba dereva ashike upande wa pili. Tukaliingiza sebuleni mbele ya waombolezaji wote, nikapiga magoti, nikazifunga zile wufa na kuunganisha nyaya.

Dada yangu aliwasili wakati huo. Alikuwa amesikia nduru tangu barabarani. Alipoingia akilia, mlango wa chumba ulifunguka, Mama akatoka akiwa ameshikilia ukuta.

"Nani amekufa?"

Jirani yetu, ambaye hawezi kusema uongo, akainua macho.

"Tumeambiwa ni wewe, Mama."

Mama aliangalia sanduku, viti vya uani, na birika.

"Na mnakunywa chai yangu bila mimi?"

Alipewa kikombe na kiti. Nami nikabonyeza simu. Besi ikaingia. Kwanza ilitetemesha vioo vya kabati, kisha ikatulia mahali pake, nzito, ikitembea chini ya gita nyembamba kama mtu anayejua njia. Uani watu waliacha kunong'ona. Mama alisikiliza mpaka katikati ya wimbo, akainua mkono. Kila mtu aliyelelewa kando ya ziwa hili anajua maana yake: mwenye mkono anataka kujisifu, na muziki lazima usimame. Nikausimamisha.

"Mimi," Mama akasema, "mke wa mtu aliyenunua redio kabla hajanunua ng'ombe. Mimi, niliyekuja matanga yangu kwa miguu yangu. Anayeniharakisha atangulie, anitandikie. Weka!"

Nikaweka. Walipiga vigelegele hata waliokuja kulia.

Dada yangu aliinama karibu na sikio lake. "Mama, nyumbani kuna utulivu."

"Utaningoja," Mama akasema. "Mimi siendi kuungojea. Mtoto, ongeza."

Niliongeza, besi ikaanza kuvuma ukutani. Dada alitoka nje, nikamwona akizungumza na dereva wa gari alilolikodi, dereva akifungua mlango wa nyuma. Walikuwa wametandika godoro humo ili Mama asafiri akiwa amelala. Wakaliteremsha. Dada aliliburuta mwenyewe, akapita nalo katikati ya waombolezaji bila kumtazama mtu, akaliegemeza kwenye kona ya sebule nyuma ya sanduku, kwa hasira, kwa sababu hapakuwa na nafasi pengine.

Godoro likaunyonya mwangwi, besi ikaacha kuvuma ukutani. Ikawa safi.

"Liache hapo hapo," Mama akamwambia.