Siku Lori Lilipokwama

Juzi simu yangu ilinionyesha mambo yaliyotokea siku kama hiyo zamani: vita, wafalme, ndege ya kwanza kuruka. Nikakumbuka alasiri moja kule Kiptere, mvua ikipiga mabati na mama akinukia majani mabichi ya chai. Mwalimu alitaka tarehe zetu za kuzaliwa, amsomee kila mtoto jambo kubwa la siku yake kutoka kwenye kalenda ya matukio ya kihistoria.

"Mama, nilizaliwa tarehe ngapi?"

"Mchana. Ndiyo maana tukakuita Chebet, wa mchana."

"Mwalimu anataka tarehe!"

"Wewe mtoto msumbufu! Mwambie ni siku ile lori la chai lilikwama kwa matope, majani yakaharibika, tukayamwaga yote."

Niliamini kalenda haiwezi kukosa jambo kubwa hivyo. Kesho yake nikalisema. Darasa likacheka; mwalimu akaniandikia Januari mosi, akaita mwingine.

Nilimkasirikia mama wiki nzima. Sasa najua alinipa siku kamili: mtu angeuliza tu kwenye kiwanda cha chai lori lilikwama lini. Hakuna aliyeuliza. Na kila Januari mosi watu hunitumia pongezi za siku ya kuzaliwa, nami hukasirika upya.