Mwalimu Niliyemsemea

Mwalimu wetu wa Kiingereza katika shule ya Mpumudde aliamini kwamba mtoto asiyejua pa kuweka "to" na "for" hana akili. Ukisema "listen" ukasahau "to", fimbo. "Wait" bila "for", fimbo tena. Mimi nilizijua zote, lakini kwa hasira. Kwetu kitenzi hubeba mzigo wake chenyewe: ngojea, pigia, semea. Hiyo nayo si akili?

Kiswahili hicho mama alinikataza kukisema njiani. Babu yangu alikuwa askari mwenye asili ya Sudan, na serikali ya wanajeshi ilipoangushwa na majeshi ya Tanzania, watu wetu waliwindwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi hao; kikitoka chepesi kinywani mwa mtoto, kilitosha watu wachomewe nyumba. "Ukiwa nje, jifanye bubu," aliniambia.

Mwalimu akatupeleka Mbale kwa lori, tukashindane Kiingereza na shule ya huko. Kwenye kizuizi cha barabarani, askari wa Tanzania akaona miguuni mwa mwalimu buti za jeshi lililoshindwa, alizozinunua sokoni Buwenge baada ya uporaji. Akamuuliza anatoka wapi. Mwalimu akajibu kwa Kiingereza safi, kila "to" na "for" mahali pake. Askari hakuelewa kitu. Akamshusha, akaanza kumsukuma kwa mtutu wa bunduki kuelekea vichakani.

Nikashuka, nikawakimbilia.

"Afande, huyu mwalimu yetu. Yeye hapana askari. Iko nafundisha sisi Kizungu."

"Kiswahili umekitoa wapi, binti?"

"Nyumbani," nikasema, nikajua nimeiuza familia yangu.

Askari akamwachia mwalimu. "Haya, pandeni," akasema.

Mwalimu hakuninong'oneza hata neno, kwenda wala kurudi. Jumatatu akauliza, kama ilivyokuwa desturi, nani amesikika akisema lugha isiyo Kiingereza. Hakuna aliyenitaja. Basi akaninyooshea kidole yeye mwenyewe, akanivisha shingoni kibao cha mbao wanachovaa wakosaji. Alisema sheria ni sheria. Kisha akaandika ubaoni neno "thank", akataka sentensi: mtu ashukuriwe na sababu itajwe.

Na katika darasa zima, akaniita mimi. Jibu nilikuwa nalo. Nikala fimbo zote, sikumpa.