Tulicheka Sana Mwambani

Faustina, fundi cherehani wa Same mjini, alikuwa na daftari alimoandika matembezi yote ya familia: siku walipokwenda Ziwa Jipe kutazama viboko, siku mvua ilipowafukuza mashambani kule Ndungu, na kila Desemba walipopanda milimani kumwona bibi. Jumapili baada ya chakula aliwasomea, nyumba nzima ikavunjika mbavu. Ila hofu hakuiandika. Watoto watishwe ili iweje?

Mwaka juzi Shedrack, mumewe, aliteleza kwenye mwamba ulio juu ya maporomoko ya maji, akaning'inia kwenye mizizi huku miguu ikikosa pa kukanyaga. Walikuwa wawili tu. Binti yao Agape alibaki kwa bibi na homa. Faustina akaandika: "Baba kakalia tope mwambani. Tulicheka sana. Kuna maua mazuri ajabu."

Desemba hii, mchana, ukungu ulishuka ghafla hata shamba la tangawizi nyuma ya nyumba ya bibi lisionekane. Mama mkwe wake, Bi Ruthi, akatoka jikoni.

"Mama Agape, mjukuu wangu hajarudi?"

"Kutoka wapi, mama?"

"Kasema ananiletea maua ya kwenye daftari. Nikajua ni hapo mtoni tu."

Faustina akaukumbuka ule mwamba. Mtoto amesoma kwamba kule watu hucheka!

Alimwita Shedrack, wakakimbia. Nyuma yao Bi Ruthi alipiga debe, kama wafanyavyo huko juu mtu akipotea kwenye ukungu, apate kuufuata mlio. Faustina aliita hadi sauti ikakauka. Maporomoko ndiyo yaliyojibu. Aliogopa kufika, akaogopa zaidi kuchelewa, na kila jiwe jeusi njiani alilidhania mtoto.

Walimkuta kalala kifudifudi ukingoni kabisa, vidole vimeng'ang'ania mzizi, mguu mmoja hauna kiatu. Hakuwa akilia. Shedrack alitambaa kwa tumbo, akamkamata mkono, akamvuta taratibu mpaka penye majani. Daftari lilikuwa limechomekwa ndani ya sweta yake. Kurudi, Shedrack alimbeba mgongoni.

Jioni, mtoto akiota moto kwa bibi, Faustina alilifungua daftari. Safari hii ataandika yote: mizizi, miguu ya Shedrack, uongo wake mwenyewe. Akafunua hadi ukurasa wa mwisho, akakuta umeshaandikwa. Mwandiko ulikuwa wa Agape, herufi zikiyumba.

"Leo nimekwenda mwambani. Kiatu kimoja kimeenda na maji. Baba na mama walinifuata. Tulicheka sana."

Faustina akainua macho. Agape alikuwa bado anatetemeka ndani ya blanketi. Alipoona mama yake anamtazama, akatabasamu haraka, ili mama asiogope.