Samaki Wangu wa Chini ya Dirisha

Harufu ya mavi makavu ya ng'ombe yakifukizwa jioni hunirudisha kwetu Nyakach, nyuma ya soko la Katito, msimu mmoja wa masika. Mama aliyachoma kufukuza mbu kwa sababu walitunyima usingizi. Kosa lao lingine hatukulijua. Chini ya dirisha la dada yangu Atieno nilikuwa nimechimba kidimbwi, nikafuga samaki. Mtoto wa ziwani akiona kitu kinajipinda majini, hukiita samaki. Niliwalisha makombo ya ugali wakanenepa, kisha wakaanza kupungua.

"Atieno, unawapa bata samaki wangu!"

"Samaki gani, bwana mvuvi? Hata kijiko hawajazi!"

Nikanuna, nikaapa kutosema naye. Wiki hiyohiyo homa ikamwangusha. Alitetemeka hadi kitanda kikalia, na watu wazima wakalaumu mahindi mabichi aliyokula. Mimi nilipita mlangoni pake bila kumjulia hali, kwa hasira za samaki. Alipobebwa kupelekwa zahanati hakunitambua, na hapo ndipo nilipolia. Dawa chungu zilimrudisha. Namshukuru Mungu hadi leo, maana nusura nimnunie marehemu.

Mjukuu wa Atieno, Awuor, sasa ni mwanasayansi wa mbu mjini Kisumu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye huinama kwenye madimbwi yetu akichota maji kwa upawa mweupe, watoto wamemzunguka kama vifaranga. Siku aliyotuonyesha viluwiluwi vya mbu ndani ya upawa, niliwatambua samaki wangu. Nikasema yote mbele ya dada.

"Kumbe uliwafuga waje wanile!" Atieno akacheka hadi akashika mbavu.

Awuor hakunicheka. "Babu, ulikuwa na swali zuri: wanakwenda wapi? Ulikosa tu mtu wa kungoja nawe."

Ndiyo maana nawaheshimu watu wa kazi yake. Sisi tulipokosa jibu tulitafuta mwizi. Wao hukaa na swali mpaka liseme. Juzi kitukuu wa Atieno, anayelala ndani ya chandarua kila usiku, aliuliza swali lilelile. Awuor alitia viluwiluwi kwenye chupa, akafunga kipande cha chandarua mdomoni, akaiweka dirishani. Asubuhi hii nimeketi ubavuni pa dada yangu, mtoto katikati yetu, tunangoja waote mabawa.