Dakika za Bi Ardith

Bi Ardith Stubblefield anauza nyungunyungu. Duka lake la chambo liko juu kidogo ya mteremko wa kushushia mashua, Ziwa Cutler, huku kwetu Arkansas, Marekani. Tangu nimjue hajampa mtu kitu bure; hata salamu huipima kwanza. Ndiyo maana tunaelewana.

Mwaka juzi idara ya serikali kuu inayosimamia ziwa ilitangaza kwamba mteremko ule hautumiki, kwa hiyo utafungwa. Mteremko ukifungwa, duka limekufa. Ila sheria yao inataka wananchi wasikilizwe kwanza: kila mtu dakika tatu kwenye kipaza sauti, na asiyependa kusema anaweza kumwachia mwenzake dakika zake. Wakaitisha kikao ukumbi wa shule, Jumamosi asubuhi, Jumamosi ileile ya Machi samaki wanapopita ziwani kupanda mto kutaga. Nani huku kwetu atakaa ukumbini siku hiyo? Ofisini kwao hakuna anayevua, basi hawakujua. Na ukumbi mtupu ungehesabiwa kwamba hatujali.

Bi Ardith hakugombana na samaki. Alfajiri alisimamisha pikapu yake mlangoni pa shule, makopo ya nyungunyungu yamepangwa nyuma. Kila mvuvi aliyepita alijiandikisha, akamwachia dakika zake, akachukua kopo, akashika njia ya ziwani. Wote walikubali kopo moja. Mimi nilidai mawili.

"We mwizi," aliniambia.

"Dakika zangu mpya kabisa, Bi Ardith. Sijawahi kuzitumia."

Akanipa. Nikaingia ndani nione mali yangu inavyotumika.

Bwana Oakes, mwendesha kikao kutoka idarani, aliona viti vitupu akatabasamu. Kisha akasoma waliojiandikisha. Msemaji alikuwa mmoja, na zamu yake ingeendelea hadi jioni.

Bi Ardith alianza na malezi ya nyungunyungu. Akaeleza anavyowalisha yeye, halafu baba yake alivyowalisha, na alipokosea. Karani wa kikao aliandika kila neno kwa mashine, maana sheria ndiyo hiyo. Bwana Oakes alimwomba aje kwenye hoja. Akajibiwa hoja ipo njiani, itafika baada ya chakula cha mchana, ambacho yeye Bi Ardith amebeba.

Mtu yule akalegea. "Mama, unataka nini hasa?"

"Nakurudishia dakika zote zilizobaki. Tukamalizie kikao mteremkoni."

Hawakupata pa kuegesha. Pikapu na trela zilijaa toka majini hadi barabara kuu, ikabidi Bwana Oakes ashuke kwa miguu kwenye tope na viatu vyake vya ofisini, karani nyuma amekumbatia mashine yake. Wavuvi walitoa maoni humohumo ndani ya mashua. Karani alipowapigia kelele wataje majina, wakamwambia anyamaze, anafukuza samaki.

"Naona panatumika," Bwana Oakes alisema mwishowe, na hilo nalo likaandikwa. Mteremko uko wazi hadi leo.

Kabla hajaondoka alipita dukani kuchukua kopo la nyungunyungu, kwa ajili ya mjukuu wake. Bi Ardith akamtajia bei kamili.

"Lakini hawa wote umewapa bure," alisema Bwana Oakes.

"Hao walilipa dakika. Zako nimeshakurudishia."