Mkono Juu ya Bega la Mama

Siku hizo simu yangu ilikuwa safi kuliko nyumba yangu. Tangu mji wa Goma ulipopata watawala wapya, wenye bunduki kwenye barieri hawakuridhika na karta ya utambulisho peke yake. Walitaka simu, wakapekua picha moja baada ya nyingine. Kwa hiyo nilifuta harusi, ubatizo, hata picha za shuleni. Kwenye profili niliweka ua la waridi, na jina nikaandika herufi mbili tu. Sikuogopa kwa ajili yangu. Katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu mtaani Katoyi alijificha mdogo wangu, aliyekuwa polisi wa serikali iliyoondoka, na picha moja tu ingetosha kuwaleta mlangoni. Hata mchumba wake, aliye Bukavu, tulimwambia amesafiri.

Halafu mama akafa kwa ugonjwa wa sukari.

Kwetu mtu akifa, jamaa na majirani wote huweka picha yake kwenye profili zao. Asiyeweka huulizwa aligombana na marehemu juu ya nini. Walianza kuniomba picha kabla sijamaliza kulia. Mama hakupenda kupigwa picha. Alicheka vizuri katika moja tu, ile ya siku mdogo wangu alipomaliza mafunzo ya polisi. Walisimama pamoja, yeye ameweka mkono juu ya bega la mama. Ilikuwa ya karatasi, imefichwa ndani ya Biblia ya mama; nikaipiga kwa simu, nikamkata mdogo wangu. Mkono ulibaki, kwa kuwa ningeuondoa ningeondoa na bega. Nani ataangalia mkono, nilijiambia, nikaituma kwenye kikundi cha familia.

Saa sita mchana niliiona kwenye simu ya jirani, imejaa kioo kizima. Kulikuwa na shati la buluu, kifungo cha shaba, na nusu ya nembo ya polisi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilikuwa nimeficha mtu.

Nikaandika kwenye kikundi: tafadhali ondoeni picha ile, nitatuma nyingine. Sababu sikuweza kuisema, maana mle ndani kulikuwa na watu ambao sikujua ni wa upande gani. Binamu mmoja akajibu, "Mama hatuyamuzika, weye unaanza kumufuta?" Wengine wakamsifu. Nilitamani kumtukana, nikameza.

Nikampigia mama mdogo, dada yake marehemu, wa pekee katika jamaa aliyejua siri yetu, aliyekuwa njiani kwa pikipiki kutoka mji wa Kiwanja. Hakupatikana. Barieri zote za barabara ile angezipita na mkono ule kwenye simu yake, naye tangu utoto wetu tulimjua kuwa mtu asiyeweza kusema uongo, hata wa kumbembeleza mtoto. Nilipiga tena na tena. Mdogo wangu akafungua mlango kidogo.

"Dada, kuko nini?"

"Kaa ndani," nilimwambia kwa ukali, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Mama mdogo alifika jua likielekea kuzama, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuangua kilio kama afanyavyo mtu anayefika msibani. Alinivuta hadi chumba cha nyuma, akafunga mlango.

"Pale kwa barieri ya Munigi walitushusha kwa pikipiki," alisema kwa sauti ya chini. "Wakavuta picha na vidole mupaka mukono ikajaa simu. Mukubwa yao akaniuliza, iyi mukono ni ya nani?"

"Ukasema nini?"

"Nikasema ni ya mutoto wake. Nikasema naye alikufa, njo huzuni ile iliua mama yake." Akamgeukia mdogo wangu. "Nimekuua, papa, mutoto yangu. Unisamehe. Sikukuwa na njia ingine."

Dereva wa pikipiki alikuwa amesikia yote. Alipomteremsha mama mdogo getini, aliwapa pole akina mama waliokaa uani, kwa misiba miwili. Tukiwa bado tumesimama pale, sauti zikapanda uani, wakimlilia mdogo wangu kwa jina lake. Nilitaka kutoka nikanushe. Akili ilikataa.

"Maiti hatafutwi," alisema mdogo wangu mwenyewe.

Basi nikachukua picha ile nzima, mama na mwanawe, nikaiweka kwenye profili yangu mahali pa ua. Chini nikaandika: Pumzikeni. Nikaona haya mbele ya mama.

Pole zikaanza kuingia, mdogo wangu akashika simu kuzisoma. Moja ilimchekesha, ya rafiki aliyemsifu kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao. Kisha akaacha kucheka. Mchumba wake alikuwa ameandika, "Dada, uniambie ni bongo, si kweli. Uniambie tu."

Alitazama maneno hayo mpaka kioo kikazima. Akanirudishia simu.

"Usimujibu," alisema.

Mpaka leo sijamjibu.